Nukta Nilizozivuta Chini

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Shule niliachia darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umezoea msasa kuliko kalamu. Herufi nyingine zimelala, nyingine zimesimama, na pale nisipojua neno linavyoandikwa nimeliandika vile ninavyolisikia. Tena naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunimalizia alasiri nzima, kwa sababu nikishaandika jambo narudi kulichungulia kama lina uongo ndani. Tabia hiyo ya kuchungulia sikuzaliwa nayo. Nataka kuwaeleza nilikoipata.

Naishi na mama ghorofa ya tatu katika fleti moja ya Kariobangi. Ukisimama mwisho wa korido yetu, penye vyuma vya kuzuia watoto wasianguke, unaona chini yako karakana ya mjomba, ndugu ya mama. Ni mabati na nguzo tu. Mjomba anayeyusha alumini: vichwa vya injini vilivyopasuka, sufuria zilizotoboka, fremu za madirisha. Chungu chake cha chuma kinakaa juu ya moto wa mafuta machafu ya gari. Alumini ikishayeyuka anaimimina kwenye mchanga ulioshindiliwa, na humo ndimo vinatoka vikaango vya chapati. Vikitoka huwa na makovu. Kazi yangu ni kuvisugua mpaka ving'ae. Nimeifanya miaka sita. Inanifaa, maana kikaango hakikuulizi maswali.

Mimi ni mtu wa haya. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimeelekea ukutani.

Moshi wa karakana ni mweusi, sikatai. Mjomba huwasha moto saa tatu asubuhi, na ukipanda unapita mbele ya madirisha yetu. Nyanya wa mlango wa pili ana mjukuu mwenye pumu. Mtoto huyo akibanwa tunamsikia kupitia ukuta, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba nzito. Nyanya alikuwa akitoka kwenye korido, anainama juu ya vyuma na kumwambia mjomba maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa ni mwanamke wa kanisa. Mjomba naye alikuwa akivua kofia na kumjibu, "Asante, mama, na wewe pia."

Halafu wakaazi wa fleti wakaunda kikundi. Mwenyekiti wao alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya reli, mwenye sauti ambayo bado inatangaza treni. Akaleta kijana kutoka mtaa wa Tena aliyesomea mambo ya kompyuta. Kijana alikuja saa nane mchana, siku ya kazi, na kisanduku cheupe chenye matundu. Kisanduku hicho, alisema, kinanusa hewa na kuandika kiasi cha moshi uliomo.

"Mathe, hapa kwenu upepo hupita wapi vizuri?" aliwauliza wanawake wa korido.

"Hapa mwisho," mama alijibu, na wengine wakaitikia. "Upepo wote wa Kariobangi hupitia hapa."

Sakafu ilikuwa imefagiliwa, korido ni tupu. Kijana akakifunga kisanduku kwenye vyuma kwa waya, akaridhika. Mjomba alipanda ngazi kuja kukiona. Alikizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Kinarekodi maneno?"

"Hapana, mzee. Kinanusa tu."

"Hata mbwa hunusa," mjomba alisema. "Swali ni nani anamlisha."

Baada ya majuma matatu habari ikazagaa: kisanduku kimesema ni karakana. Mwenyekiti alitangaza kwamba kutakuwa na mkutano katika ukumbi wa kanisa, afisa wa mazingira atakuja, na grafu itaonyeshwa ukutani kila mtu aione. Grafu ikionyesha moshi unatoka kwa mjomba, ataambiwa ahame. Mjomba hana pa kuhamia. Alikuwa hapo kabla fleti haijajengwa. Mchanga wake ameuchuja miaka mingi mpaka umekuwa laini kama unga, na mchanga kama huo huwezi kuuhamisha kwa mkokoteni ukabaki ulivyo.

Aliniita nikiwa nasugua.

"Wewe unajua kusoma. Kila Jumamosi yule kijana anafundisha watu pale nyuma ya kanisa kuhusu hiyo grafu. Enda uketi, uone wanatuandikia nini."

"Mjomba, mimi na watu..."

"Sikutumi kuongea. Nakutuma kuona."

Nikaenda. Nilidhani nitajificha nyuma ya wengine, lakini wengine hawakuja. Palikuwa na meza moja, kompyuta, kijana, na viti vingi vitupu. Nikakaa kile cha mbali. Akanicheka kidogo na kunivutia kiti cha karibu.

"Sasa! Karibu, haiumi."

Grafu ni kitu rahisi ukionyeshwa. Chini kuna mstari wa siku, kushoto kuna mstari wa kiasi cha moshi, na katikati kuna nukta za buluu. Nukta moja ni siku moja. Ikiwa juu, siku hiyo moshi ulifika juu. Nilikuwa nimeona grafu shuleni, kwenye karatasi, zile za mvua na mahindi, lakini hii ilikuwa hai. Ukisogeza kipanya juu ya nukta, kikaratasi kidogo kinatokea na kukuambia tarehe na kiasi. Ukiburuta kipanya ukachora mraba, sehemu hiyo inakuja karibu kama umeinama kuitazama. Ukibonyeza mara mbili inarudi mbali. Nilipenda, na sikupenda kwamba nilipenda. Nilikumbuka nimetumwa.

Siku hiyo alikuwa amefungua juma la kwanza tu, na nukta moja ilikuwa imepanda kuliko zote, peke yake huko juu.

"Hii imepotea njia," kijana alisema. Akabonyeza kijipicha cha mkono pembeni, akaishika ile nukta, akaivuta chini taratibu mpaka ikalala pamoja na wenzake. Kisha akabonyeza kuhifadhi.

"Umefanya nini?" Sauti yangu ilinishtua mimi mwenyewe.

"Nimesahihisha. Hizi mashine hukosea. Labda buibui aliingia ndani."

"Umemwona huyo buibui?"

Akacheka. "Manze, wewe ni wakili ama ni fundi?"

Tangu hapo sikuona kitu kingine mezani isipokuwa mkono wake.

Nilipomweleza mjomba, aliweka chini upawa wa kumiminia.

"Anazivuta na mkono?"

"Na kipanya."

"Ni mamoja. Kinachoshuka kwa mkono hupanda kwa mkono."

Fundi anayefanya kazi naye, mtu asiyekosa neno, akadakia, "Boss, hao wametuchorea mlima, sasa wanatungoja tuupande."

Wiki hiyo nilianza kuona mambo. Niliona mwenyekiti na kijana wakinywa chai kibanda kimoja. Nilimwona mwenyekiti akipima kwa hatua zake nafasi ya mbele ya karakana, na watu wakasema anataka pa kuegesha magari. Niliona nyanya akimpa kijana ndizi. Kila aliyemsalimu mwingine nilimwandika kichwani. Hata kisanduku nilikuwa nikikipita kwenye korido nakitazama kwa pembe ya jicho, nacho kinamulika kitaa chake kidogo cha kijani, kana kwamba hakijafanya kitu.

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema. Kijana alinifundisha zaidi, na kwa kweli alifundisha vizuri. Hakunicheka nilipobonyeza mahali pasipofaa. Aliniachia kipanya, akasema mkono wangu ni mtulivu kuliko wake.

"Ni msasa," nilimwambia. Hilo ndilo neno pekee la kirafiki nililowahi kumpa.

Nikazitazama nukta. Sasa alikuwa amefungua majuma yote matano. Nyingi zilikuwa za kadiri, lakini nne zilisimama juu ya nyingine kama minara.

"Hizi ndefu ni nini?"

"Karakana," alisema bila kufikiri. "Nini kingine?"

Simu yake ikalia. Akatoka nje kuongea, nikasikia hatua zake zikienda mpaka langoni.

Nilichofanya nilikifanya haraka, mimi nisiyejua haraka. Nilibonyeza kijipicha cha mkono. Nikajiambia, huyu akivuta anaita kusahihisha, basi na mimi nasahihisha. Sikutaka kuwa mlafi. Nikigusa nyingi atajua. Nikachagua zile nne ndefu tu, zilizokuwa zikimpigia mjomba kelele zaidi, na nikazivuta moja baada ya nyingine mpaka zikawa chini kuliko jirani zake. Ya nne ilinitoroka mara mbili kwa sababu kidole kilikuwa na jasho. Tarehe sikuzitazama. Nilitazama urefu tu. Nikabonyeza kuhifadhi, nikakaa na mikono mapajani.

Kijana alirudi na mandazi mawili kwenye gazeti. Akanipa moja. Nililila lote, na kila nilipotafuna nilifikiri amejua.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mama alinituma maji bombani asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri. Niliporudi na mtungi, nikafika juu ya ngazi, nikasimama.

Labda kwenu mnapika kwa gesi, kwa hiyo nieleze. Sisi kwenye korido yetu karibu wote tunatumia jiko la makaa, na hakuna mtu mwenye akili anayewasha jiko ndani ya chumba. Unalitoa mpaka mahali penye upepo, unatia karatasi, vijiti na mafuta ya taa kidogo, unalipepea, unaliacha litoe moshi wake wote. Makaa yakishakuwa mekundu unalibeba ndani. Mahali penye upepo kwetu ni mwisho wa korido. Mapema, kabla hakujakucha vizuri, kunakuwa na majiko mawili au matatu pale. Lakini Jumapili kila mlango unapika: maji ya kuogesha watoto waende kanisani, maharagwe yawekwe mapema, chai ya wageni. Jumapili hiyo majiko yalikuwa tisa. Yalikuwa yamepangwa foleni chini ya vyuma, la mama likiwa la kwanza, na juu yake, ndani ya moshi mzito wa rangi ya maziwa, kitaa cha kijani kilikuwa kinamulika.

Nilikuwa nimeyaona majiko hayo kila siku ya maisha yangu. Kisanduku nimekiona majuma matano. Sikuwahi kuviona pamoja. Nadhani hakuna aliyeviona. Kwetu moshi wa jiko si moshi, ni chai inakuja.

"Mbona umesimama kama mlingoti?" mama aliniita. "Leta maji."

Niliteremsha mtungi, na ndipo mawazo yakaanza kupangana. Mjomba hafanyi kazi Jumapili. Ni mtu wa kanisa, Jumapili hata msumari hapigi. Kama kisanduku kilinusa moshi mkubwa Jumapili, basi moshi huo si wake. Nukta za Jumapili zingemwokoa. Nikakumbuka zile nne ndefu. Nikakumbuka zilivyokaa kwenye mstari wa chini: moja, kisha nafasi, nyingine, kisha nafasi ileile. Nafasi ya juma.

Mashahidi wa mjomba walikuwa wanne, nami nilikuwa nimewavuta wote chini kwa mkono wangu mtulivu.

Mkutano ulikuwa Jumamosi hiyo. Nilikuwa na siku sita za kumwambia kijana, na kila siku nilipata sababu. Siku moja nilimwona, lakini alikuwa na mwenyekiti. Siku nyingine alikuwa peke yake, nikafikiri: nikimwambia, atafanya nini na habari hii? Mtu anayevuta nukta moja anaweza kufurahia nne za bure. Mjomba naye sikumwambia. Alikuwa ameanza kuimba akimimina alumini, kwa kuwa nilimwambia grafu sasa si mbaya sana. Yeye alidhani ni habari. Ilikuwa ni mimi.

Siku ya mkutano nilienda mapema nikiwa nimeamua. Nilimkuta kijana akifunga nyaya, lakini mwenyekiti alikuwa amemsimamia kama kondakta, nikapita nikaenda kukaa. Watu wakaingia. Nyanya alikaa mbele na mjukuu wake mapajani. Mama na wanawake wa korido walijaza benchi moja. Mjomba alisimama nyuma karibu na mlango, kofia mkononi. Afisa wa mazingira alikuwa mama mmoja mwenye sweta ya buluu, ambaye alikuwa akiandika hata kabla watu hawajaanza kusema.

Grafu ikatokea ukutani, kubwa kuliko mlango.

"Naomba muangalie hapa, majuma matano ya kwanza," kijana alisema. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu. "Hii nimeigundua jana. Mnaona hizi nukta za chini? Hii, hii, hii, na hii. Na hii ya kwanza pia. Ni za siku gani?" Akasogeza kipanya, vikaratasi vikatokea kimoja kimoja. "Jumapili. Jumapili. Zote Jumapili. Na Jumapili kuna nini? Karakana imefungwa. Siku karakana ikifungwa, hewa inakuwa safi. Sidhani tunahitaji ushahidi mwingine."

Ukumbi ukaguna. Mwenyekiti akaegemea kiti. Afisa akasema, "Hiyo ni wazi kabisa," akageuza ukurasa mpya. Nilimtazama mjomba. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaitazama kofia yake, akiizungusha, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje.

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?" mwenyekiti akauliza.

"Nilizivuta. Hizo nne. Zilikuwa juu."

"Toa sauti, msichana."

"Sauti ndiyo hii."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka walipoona kijana hacheki. Mama akanivuta sketi. "Wee! Keti chini, unatuaibisha."

Lakini nilikuwa nimeshafunguka, na nikifunguka huwa sijui kufunga. Nikasema yote: kipanya, simu, mandazi. Nikasema kwamba zilikuwa ndefu kuliko zote, na ndefu kwa sababu ya majiko yetu, kwa kuwa kisanduku kimefungwa pale pale tunapowashia.

"Ati nini?" mwanamke mmoja wa korido akaruka. "Tangu lini moshi wa jiko ukawa moshi?"

"Huyo ametumwa na mjomba wake!"

"Angemtuma mtu anayejua kuongea," fundi wa mjomba alijibu kutoka nyuma.

Afisa aliinua kalamu, wakanyamaza. Akamgeukia kijana. "Kuna njia ya kujua zilikuwa wapi kabla hazijaguswa?"

Kijana alichelewa kujibu. Niliuona ule uchelewaji na nikauweka akilini.

"Kuna kadi," alisema. "Ndani ya kisanduku. Inaweka kila kitu kilivyonuswa, na huwezi kuibadilisha kutoka kwa kompyuta."

"Basi ilete."

Alikwenda mwenyewe, na mwenyekiti akamfuata. Tulipokuwa tukingoja, hakuna aliyekaa karibu nami. Mama alisogea mpaka akaacha nafasi ya watu wawili. Waliporudi, kijana akaingiza kadi kwenye kompyuta, akachagua majuma yaleyale matano, akafuta grafu ya kwanza, na ukuta ukawa mweupe. Kisha nukta zikaanza kutokea upya, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila ilipofika Jumapili, nukta ilipaa mpaka karibu na dari.

"Hiyo ya juu ni ya saa ngapi?" afisa aliuliza.

Kijana akaivuta karibu, siku ikafunguka ikawa saa. "Kumi na mbili kasorobo asubuhi."

"Na siku nyingine?"

"Saa hiyo hiyo. Kuna kilima kingine kidogo kuanzia saa tatu."

"Karakana inafunguliwa saa ngapi?"

Mjomba alifungua mdomo, lakini aliyejibu alikuwa nyanya, adui yake wa korido. "Saa tatu," alisema. "Mimi ndiye humlaani kila siku, najua saa yangu."

Hapo ndipo watu walicheka kweli. Hata mjomba alivaa kofia ili apate kuivua. Wanawake wa benchi letu tu ndio hawakucheka. Walikuwa wanautazama ukuta kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akiwa amelala.

Mambo yangeishia hapo vizuri. Lakini mwenyekiti ni mtu wa reli, anahesabu mabehewa. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, kidole juu.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano," alisema. "Jumapili tano zimepanda. Msichana amesema alivuta nne."

Nilielewa kabla hajamaliza. Ya kwanza, ile ya buibui, nilikuwa nimemwona aliyeivuta. Nilimtazama kijana. Yeye aliitazama kompyuta.

"Kuna mtu mwingine aligusa hii grafu?" afisa aliuliza.

"Hakuna," kijana alisema. "Atakuwa amesahau moja."

Nilisema, "Nne." Nilisema kwa sauti ile yangu. Nadhani mjukuu wa nyanya peke yake ndiye aliyesikia, maana aligeuka kunitazama. Afisa akasema nne au tano si neno, muhimu kadi ni safi, tuendelee. Wakaendelea. Nami nikakaa chini.

Mjomba hakuhamishwa. Aliambiwa aongeze urefu wa bomba la moshi kwa sababu kile kilima cha saa tatu ni chake kweli, na aliliongeza wiki hiyo hiyo. Sisi tuliambiwa majiko tukawashie juu ya paa. Kisanduku kikahamishiwa dirishani kwa nyanya. Wanasema mtoto amepata nafuu. Grafu yake sijaiona.

Wanawake wa korido wanapanda ngazi na majiko yao wakinipita bila salamu. Mmoja hupenda kuliweka chini mbele ya mlango wetu, apumzike, aseme kwa sauti, "Tunapanda mlima wa mwenye macho." Mama alinisamehe baada ya siku chache, ila hanitumi tena kwa jirani kuomba chumvi. Kijana bado anafundisha Jumamosi. Nilirudi mara moja. Alinikaribisha vizuri, akanivutia kiti, lakini simu yake ilipolia aliifunga kompyuta kabla hajatoka. Nilikaa nikiutazama mfuniko. Nilitaka kumuuliza kama siku ile aliamini kweli kuna buibui. Inawezekana aliamini. Nukta moja peke yake huko juu, hata mimi ningedhani imepotea njia. Lakini kama aliamini, kwa nini hakusema mbele ya watu, "Nami nilivuta moja"? Nilikunywa chai yake nikaondoka bila kuuliza.

Kinachoniuma zaidi ni mjomba. Siku mbili baada ya mkutano tulikuwa peke yetu karakanani, yeye anachuja mchanga, mimi nasugua.

"Ulivuta ngapi?" aliniuliza.

"Nne."

"Nasikia ni tano."

"Ni nne, mjomba. Ya tano aliivuta yule kijana. Si nilikuambia, ile ya kwanza?"

Alichuja mchanga kwa muda. Nilimwona akijaribu kukumbuka, na nikaona kwamba amekumbuka. Bado alinitazama vile alivyokitazama kile kisanduku siku ya kwanza, kwa kunizunguka.

"Basi ni nne," alisema.

Hiyo "basi" ndiyo nimekuwa nikiisikia nikisugua. Nilikiri nne mbele ya ukumbi mzima, mimi ambaye siwezi kuomba chumvi, na watu wameweka ya tano juu yangu kwa sababu mtu aliyekwisha kuvuta nne haaminiki kuhesabu. Siwezi kuwalaumu. Mimi mwenyewe nilimhukumu kijana kwa moja.

Ndiyo maana nimeandika, kwa mwandiko huu mbaya. Nilitaka mahali ambapo nitaisema yote bila mtu kunivuta sketi. Sasa mmesoma, nawaomba mniandikie. Mniambie kama kwenu kuna grafu ya namna hii, na nani hushika kipanya watu wengine wakitoka nje. Mniambie kama ningesimama mara ya pili pale ukumbini, niseme ya tano ni ya nani, ama nilifanya vyema kukaa. Msiogope kunirekebisha hata tahajia. Mkiandika kwa mkono nitafurahi zaidi, kwa sababu wino ukifutwa huacha alama, na mimi nitaitazama kwa makini.